Ushongo: Mkonge, Minazi na Wageni wa Pwani

Ukitoka mjini Pangani kwenda Ushongo, jambo la kwanza ni mto. Mto Pangani ni mpana pale unapoingia baharini, na maji yake yamejaa udongo wa kutoka bara. Kwa miaka mingi watu wamevuka kwa pantoni. Wamevuka pamoja na baiskeli, mbuzi, malori na magunia ya nazi. Habari ya kila baraza sasa ni barabara kubwa ya kutoka Tanga kupitia Pangani hadi Bagamoyo, na daraja la mto huo. Upande wa pili ni Bweni. Hapo unashika njia ya kusini. Ushongo iko mbele yako, kiasi cha kilomita 16.

Njia hiyo inapita katika mkonge. Mistari ya mkonge imenyooka kama kamba, kulia na kushoto. Ukifika upande wa Mwera unakata kushoto kuelekea baharini. Mkonge unaisha na minazi inaanza. Ardhi inakuwa mchanga, na baiskeli inakuwa nzito. Halafu unaona bahari.

Ushongo ni kijiji cha ufukoni. Ngalawa zimepandishwa mchangani. Wanawake wanarudi na pweza maji yanapoanza kujaa. Mbali kidogo baharini kuna fungu la mchanga mweupe. Hicho ndicho kisiwa cha Maziwe. Zamani kilikuwa na miti mirefu, na kasa wengi walitaga mayai huko. Miti iliisha, mawimbi yakala mchanga, na sasa maji yakijaa sana kisiwa hufunikwa. Pembeni mwa kijiji, chini ya minazi, zipo hoteli ndogo za wageni. Mapaa yao ni ya makuti kama yetu, lakini bei ya kulala usiku mmoja si kama yetu.

Mimi nilikwenda Ushongo kuangalia minazi. Nilipewa habari kwamba chonga wanaharibu miti. Chonga ni mdudu mweusi mwenye pembe, anayetoboa moyo wa mnazi. Kazi hiyo niliifanya. Lakini niliombwa pia niseme neno katika shauri la nyumba moja, na shauri hilo lilinifundisha mambo ambayo sikuyasoma chuoni. Nitaeleza.

Mwenye nyumba ni mzee aliyepita miaka themanini. Nilimkuta barazani akisuka kamba ya kumba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba bwana shamba. Karibu. Umeuona mkonge njiani?"

Nikasema nimeuona.

"Huo ndio ulionileta mimi hapa," akasema.

Ndugu msomaji, ili uielewe habari ya mzee huyu, ni lazima uijue habari ya mkonge. Mkonge si mmea wa kwetu. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ilisafiri kwa meli hadi Ujerumani, halafu hadi Tanga. Njiani mingi ilikufa. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Miche hiyo ilipandwa Kikogwe, upande huu huu wa kusini wa mto, karibu na Mwera. Mashamba yote makubwa ya mkonge ya Tanga, Korogwe, Muheza na Morogoro yalitokana na miche hiyo 62.

Mkonge uliota vizuri. Taabu ya Wajerumani ilikuwa watu wa kuukata. Watu wa pwani hawakutaka. Walikuwa na minazi yao, mihogo yao na ngalawa zao. Kwa nini wakatwe na miiba ya mkonge kwa ujira mdogo? Wenye mashamba walilalamika kwamba watu wa pwani ni wavivu. Mimi sikubali neno hilo. Mtu mwenye chakula chake anaweza kukataa kazi mbaya, na hao walikataa. Basi wafanyakazi wakatafutwa mbali, ambako watu walitakiwa kulipa kodi ya kichwa na hawakuwa na mazao ya kuuza.

Wakati wa Waingereza jambo hilo lilipangwa zaidi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuandika watu. Wananchi waliiita Silabu. Silabu ilileta watu kutoka Kigoma, Songea, Njombe na hata nchi za jirani. Walisafirishwa kwa treni na malori. Kila mtu alipewa namba. Ndiyo maana wakaitwa manamba.

Baba wa mzee huyu alikuwa manamba kutoka Kigoma. Mzee mwenyewe alikulia kambini. Alianza kazi karibu na wakati wa Uhuru, mwaka 1961. Kwanza alianika singa, yaani nyuzi za mkonge, juu ya nyaya juani. Baadaye akawa mkataji.

Alinieleza kazi hiyo kwa mikono. Unaamka giza. Unakata majani ya chini ya mkonge kwa kisu. Unakata mwiba wa ncha. Majani 30 unayafunga mzigo mmoja. Mizigo unaipanga njiani, na nyapara anakuja kuhesabu. Kutoka hapo inapelekwa korona. Korona ni mashine kubwa inayoponda majani na kubakiza singa. Kila siku uliyofanya kazi iliandikwa kwenye kipande. Kipande kilikuwa na siku 30. Ukikosa siku moja, kipande hakijai, na mshahara unasubiri.

"Mlikuwa na shamba lenu?" nikamwuliza.

"La nini? Tulipewa posho. Tulikula unga wa kampuni, tukalala nyumba ya kampuni. Hata kuni zilikuwa za kampuni."

Maneno hayo niliyaandika, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jambo lenyewe.

Miaka ile mkonge uliitwa dhahabu ya kijani. Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa kiasi cha tani 230,000 za singa. Zaidi ya watu 100,000 walipata mshahara katika mashamba hayo. Hakuna zao lililotuletea fedha nyingi za kigeni kuliko mkonge.

Singa hizo zilikwenda wapi? Nyingi zilikwenda Ulaya na Marekani. Wakulima wa huko hukata majani makavu ya kulisha ng'ombe wakati wa baridi. Majani hayo hufungwa kwa kamba, na kamba hiyo ilikuwa mkonge wetu. Mkulima wa Marekani hakumjua mkataji wa Mwera, wala mkataji wa Mwera hakumjua yeye. Lakini siku mkulima yule aliponunua kamba nyingine, mkataji wa Mwera alikosa kazi.

Kamba hiyo nyingine ilikuwa ya plastiki. Plastiki hutengenezwa kwa mafuta yanayochimbwa ardhini. Katika miaka ya 1960 viwanda vya ng'ambo vilianza kutengeneza kamba za plastiki kwa wingi, nazo zilikuwa rahisi. Pia Brazil ililima mkonge mwingi na kuuuza kwa bei ya chini. Bei ya singa ikaanguka.

Hapa nyumbani mishahara ilikuwa imepandishwa baada ya Uhuru, na ilistahili kupanda. Wenye mashamba walijibu kwa kupunguza watu. Waliobaki walipewa kazi kubwa zaidi. Silabu nayo ikafungwa. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilichukua mashamba mengi ya mkonge yawe ya umma. Lakini aliyepanga bei alikuwa bado yuko ng'ambo. Mwaka 1973 na 1974 bei ilipanda ghafla, kwa sababu mafuta yalipanda, na plastiki ikapanda pamoja nayo. Watu wakadhani mkonge umefufuka. Bei ikaanguka tena. Katika miaka ya 1990 nchi nzima haikufikisha tani 40,000 kwa mwaka. Mashamba mengi yaligeuka msitu. Mwishoni mwa miaka hiyo yaliyokuwa ya umma yaliuzwa kwa makampuni.

Watu wale 100,000 walikwenda wapi? Swali hilo nilimwuliza mzee.

Alifikiri kidogo. Akasema baadhi walirudi kwao, wengine wakiwa wazee na hawajulikani tena na ndugu zao. Wengine walibaki kambini hata kazi ilipokwisha, kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine. Walilima vipande vidogo katikati ya mkonge, na kila siku waliogopa kufukuzwa. Wengine waliomba ardhi katika vijiji vya karibu. Yeye alipunguzwa kazi akiwa kijana. Alikuja Ushongo na shuka moja na kisu cha mkonge. Kisu hakikufaa kitu hapa. Baharini hakujua hata kuogelea. Mvuvi mmoja alimchukua awe mtu wa kupiga makasia na kukumba maji kwenye ngalawa. Mwaka wa kwanza alitapika kila siku. Baadaye alioa binti wa kijiji, akapewa na mkwewe mahali pa kupanda minazi.

"Miaka saba nilingoja nazi ya kwanza," akasema. "Kambini mshahara ulikuja kila kipande. Mnazi hauna kipande."

Wataalamu huandika kwamba watu huacha kazi moja na kuhamia nyingine, kama maji yanavyotoka bakuli hili kwenda lile. Mzee huyu alihama kweli. Lakini hesabu kilichohitajika: mtu wa kumfundisha uvuvi, mkwe mwenye ardhi, na miaka saba ya kungoja. Wengi katika kambi hawakupata hata kimoja kati ya hivyo.

Minazi nayo haikukaa salama. Zamani wakulima wa pwani waliuza mbata, yaani nazi iliyokaushwa, kwa viwanda vya mafuta na sabuni. Baadaye mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia yaliingia kwa wingi na kwa bei ndogo. Soko la mbata likafifia. Halafu kuna ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao hauna dawa na umeua minazi mingi pwani. Lakini nazi mbichi haikukosa mnunuzi. Wali, mchuzi, maharage, kisamvu, vyote vinaitaka, mijini na vijijini. Bei yake hupanda na kushuka, lakini haipangwi na mkulima wa Marekani.

Sasa nije kwenye shauri lenyewe.

Mzee ana mjukuu wa miaka ishirini na kitu. Kijana huyu anafanya kazi katika hoteli moja ya ufukoni. Ni kijana mwenye adabu na akili. Alianza kwa kufagia majani ufukoni. Akajifunza Kiingereza kwa kusikiliza, na sasa anahudumia mezani. Hoteli zimeleta kazi Ushongo, na lazima niseme hivyo wazi. Wapo walinzi, wafuaji, wapishi, waezekaji wa makuti, na mabaharia wanaopeleka wageni Maziwe. Mama mmoja aliniambia kwamba mchicha wake na mayai yake humaliza ada na sare za watoto wawili, maana hoteli hununua kila wiki. Wavuvi huuza samaki wazuri hapo hapo ufukoni. Kazi zenye mshahara mkubwa zaidi huchukuliwa na watu wa kutoka mijini, wenye vyeti. Hilo linawauma vijana wa hapa.

Tena kazi hiyo ina majira. Wageni huja zaidi Julai na Agosti, na tena kuanzia Desemba hadi Februari. Wakati wa masika, Aprili na Mei, hoteli nyingine hufunga, na wafanyakazi hurudi nyumbani kungoja.

Mjukuu anataka sehemu ya shamba iuzwe. Shamba ni la eka mbili, na upande mmoja unatazama bahari. Amekuja mtu wa mjini, mwenye fedha mkononi. Kijana anasema fedha hiyo itanunua boti yenye mashine, naye atachukua wageni mwenyewe, asiwe tena mtumishi wa mtu.

Tulikaa barazani sote watatu, na bibi akiwa mlangoni akipura kunde.

"Bwana shamba," kijana akasema, "wewe unajua. Minazi hii imezeeka. Mkwezi anataka fedha kabla ya kupanda. Chonga wanakula. Babu anapata nini hapa?"

Ni kweli. Tulikwenda kuhesabu pamoja. Minazi ikipandwa kwa nafasi ya meta 9 kila upande, eka moja hubeba miti 50 hivi. Eka mbili zingekuwa na 100. Tuliikuta 63. Magogo yaliyooza yalikuwa yamelala shambani, na humo ndimo chonga hutaga mayai. Hapakuwa na mche mmoja mpya. Mnazi uliotunzwa unaweza kutoa nazi 40 kwa mwaka. Hii haikufika nusu yake.

Nilimwambia mzee ukweli huo, na hakufurahi. Shamba lililoachwa hivyo humfanya kijana aone kwamba ardhi haina maana. Lawama hiyo ni yetu wazee, na sisi mabwana shamba tusiopita mara kwa mara tunayo sehemu yetu.

Mzee akanyamaza, kisha akamgeukia mjukuu.

"Mwaka 2020 ulikuwa wapi?"

Kijana akacheka kidogo. Alikuwa hapa hapa. Mwaka huo ugonjwa wa korona ulizuia safari duniani. Aprili nchi yetu ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje, na ingawa ziliruhusiwa tena mwezi wa Mei, wageni walikuwa wachache mno. Kijana alirudishwa nyumbani bila mshahara. Miezi ile alikwenda na mama yake kuchokora pweza. Aliangua nazi za babu akazipeleka Pangani. Hakuna aliyelala njaa katika nyumba ile.

"Lakini babu," kijana akajibu, "mkonge ulipoanguka, wewe hukukaa kambini. Ulitoka ukatafuta. Mbona mimi mnanizuia?"

Kijana huyu amesema haki. Babu yake hakuokolewa na kukaa mahali pamoja.

"Mimi nilitoka penye kazi bila ardhi, nikaja penye ardhi," mzee akasema. "Wewe unataka kurudi kule nilikotoka."

Hapo nikaombwa niseme neno. Mimi nimesomea kilimo, lakini baadhi ya mambo ninayajua kwa kazi. Nilisema boti ni wazo zuri, ila nayo inamtegemea mgeni yule yule. Mwaka ambao hoteli haina watu, boti pia haina watu. Nilimwuliza kama amefikiri kununua boti na wenzake wanne au watano, kwa kuweka akiba pamoja, badala ya kuuza. Alisema wenzake si waaminifu. Nikamwambia atafute wengine.

Pia nilieleza habari ya sheria, kwa sababu wengi hawaijui. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mtu anaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, na jina la mke linaweza kuandikwa pamoja na la mume. Kuuza bila kupita halmashauri ya kijiji, kwa karatasi iliyoandikwa chini ya mwembe, ni kutafuta kesi. Mtu asiye raia hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji uliokubaliwa na Serikali. Basi mnunuzi akija kwa jina la mtu mwingine, uliza ni nani aliye nyuma yake.

Niliposema kwamba jina la mke linaweza kuandikwa, bibi aliacha kupura kunde. Akauliza, "Kwa hiyo na mimi nitaulizwa?" Nikamwambia ndiyo. Mzee alitazama bahari.

Nilimwuliza kijana kwa nini haendi shamba la mkonge. Siku hizi mkonge umepata nguvu tena. Watu wa ng'ambo wanachoka na plastiki inayochafua bahari, na China inanunua singa nyingi. Huko Korogwe wakulima wadogo wanalima mkonge wao wenyewe na kuuza kwa vyama vya ushirika, jambo ambalo manamba wa zamani hakuliota. Mashamba makubwa yanatafuta wakataji na hawapati wa kutosha. Kijana alitazama mikono ya babu yake, yenye makovu ya miiba, akacheka. Hakujibu. Nikakumbuka wale watu wa pwani wa wakati wa Wajerumani.

Shauri halikuisha siku ile. Walikubaliana kukutana tena Ijumaa baada ya sala, na shangazi wa kijana aitwe kutoka Mwera, maana naye ana haki. Kabla ya kuondoka, kijana alinisaidia kukusanya magogo mawili yaliyooza, tukayachoma. Nilimwonyesha namna ya kumtoa chonga kwa waya wenye ndoano. Alijifunza upesi. Alitoa watatu katika mnazi mmoja.

Akaniuliza bei ya miche. Nikamwambia nitaangalia. Nafasi zilizo wazi katika shamba lile ni 37. Aliandika namba hiyo nyuma ya karatasi ya oda ya hoteli, akaiweka mfukoni.

Nilirudi Bweni jioni. Kwenye foleni ya pantoni, lori la singa lilikuwa mbele, limefunikwa turubai. Nyuma yake ilisimama gari ya hoteli yenye wageni wanne. Nyuma ya gari hiyo nilikuwa mimi na baiskeli yangu, na mama mmoja mwenye gunia la nazi. Masika yakianza nitavuka tena na miche.